Ng'ombe Katika Shamba la Karafuu

Katika kurasa hizi twazungumza zaidi juu ya karafuu, na haki yake ni hiyo. Lakini mtu apitaye asubuhi katika eka zake tatu hakutani na mikarafuu peke yake. Chini ya mikarafuu mna majani, na katika majani, mara nyingi, mna ng'ombe mmoja au wawili wa nyumba ile, wamefungwa kamba, wanakula. Ng'ombe hao hawamo katika hesabu za msimu, wala hapana apimaye majani wanayoyala. Hata hivyo, mwaka mikarafuu inapokataa kuzaa, wao ndio wanaolipia daftari za watoto na bati la paa. Basi leo twataka kuwatazama wao, na kuona jinsi ng'ombe na mkarafuu wawezavyo kukaa shamba moja bila ya mmoja kumwua mwenzake.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Sisi wenyewe tumewahi kuuua mkarafuu kwa kamba ya ng'ombe, nasi tutaeleza.

Kwanza tuyataje majani, maana ndiyo chakula chote cha mnyama huyu. Mikarafuu iliyopandwa kwa nafasi nzuri, futi 27 hadi 30 baina ya mti na mti, huwa 50 au 60 katika eka moja. Miti ikiwa michanga, jua hufika chini na majani huota mengi. Ikikua na matawi kukutana, kivuli huzidi na majani hupungua. Lakini ni nani kati yetu mwenye shamba lisilokuwa na pengo? Katika mapengo ya miti iliyokufa, pembezoni mwa njia, na chini ya minazi, ukoka hustawi. Mwenye shamba husema ana majani tele, na ukimwuliza mwezi wa Mei asema kweli. Yafaa aulizwe tena mwezi wa Februari.

Ng'ombe wetu wa kienyeji, mwenye nundu, si mkubwa. Jike wa kilo 200 hutaka kiasi cha kilo 20 za majani mabichi kwa siku, na maji lita 20 hadi 30, na siku za joto hutaka zaidi. Kwa mwezi ni kilo 600 za majani. Wakati wa masika majani hukimbia mbele ya mdomo wa ng'ombe. Wakati wa kaskazi, mvua za vuli zikiisha kwisha na jua likichoma, mdomo huyapita majani. Kwa hiyo hesabu ya ng'ombe ambao shamba laweza kuwalisha hufanywa kwa majani ya kiangazi, si ya masika. Aliye na majani ya ng'ombe mmoja mwezi wa Februari akaweka watatu kwa kuwa Mei ilikuwa ya kijani, hana ng'ombe watatu. Ana mmoja na nusu, waliogawanywa katika ngozi tatu.

Dawa ya kiangazi yajulikana, nayo ni kupanda. Majani ya tembo yakipandwa mpakani au bondeni penye unyevu, hukatwa na kuletwa, na yakikatwa kabla ya kukomaa ng'ombe huyala hata shina. Yakiachwa mpaka yawe marefu kuliko mtu, huwa miti mitupu, na ng'ombe huchagua ncha akaacha mengine. Mlusina nao, ukipandwa kama ua, hutoa majani yenye nguvu wakati ukoka umekauka, ila uchanganywe na majani mengine, usiwe ndio chakula peke yake. Na migomba, ambayo kila nyumba inayo, mashina yake yakikatwakatwa humpa mnyama maji zaidi kuliko chakula. Si haba kwa siku ya joto, lakini asidhani mtu amemlisha.

Sasa tuje kwenye kamba na kigingi. Wengi wetu hatuna ua wa kufungia malisho, wala hatuwezi kuacha ng'ombe watembee penye mihogo ya jirani. Kwa hiyo twafunga kamba, na ufugaji wote wa shamba dogo umo katika kamba hiyo. Kamba ya mita 5 humpa ng'ombe duara ya mita za mraba 78 hivi. Akihamishwa asubuhi na alasiri, hula yaliyo mazuri akasonga mbele. Akiachwa siku mbili mahali pamoja, hula yaliyo mazuri, kisha yaliyo mabaya, kisha huchimba mzizi. Jani huishi kwa jani: likiachiwa vidole vitatu au vinne huota upya upesi, likiliwa mpaka udongoni hukaa wiki nyingi likijifikiria, na magugu yasiyoliwa yakachukua mahali pake. Tumeona viwanja ambavyo miaka kumi nyuma vilikuwa ukoka safi na leo ni magugu matupu, na mwenyewe alaumu mvua.

Kanuni tunayoifuata sisi ni kutorudisha ng'ombe pale alipotoka mpaka majani yafike shibiri moja. Kupumzisha huku kuna faida ya pili isiyoonekana. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi, vijiminyoo vikaanguliwa na kupanda juu ya majani wakati wa umande, vikingoja kuliwa. Mnyama akila palepale kila siku, hula minyoo yake mwenyewe. Kwa kondoo na mbuzi jambo hili ni kubwa zaidi kuliko kwa ng'ombe mzima, na ndiyo sababu wazee wetu hawakuwatoa malishoni mpaka umande ukauke.

Wenzetu wa Pemba wanaofuga fahali kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe hawana haja ya kufundishwa haya. Fahali wa mchezo huhamishwa mara nyingi kwa siku, huletewa maji, huchambuliwa kupe sikioni kama bwana harusi anayenyolewa. Laiti jike wa maziwa angepata nusu ya heshima ile!

Tumeahidi kusema habari ya mkarafuu tuliouua. Ulikuwa karibu na mlango wa uani, mti mzee, mnene, na katika mwaka mwema ulitaka watu wawili wa kuuchuma kutwa nzima. Tulikuwa na dume, na usiku tukiogopa wezi. Basi kila jioni tulimfunga kwenye shina la mti ule ili tumsikie. Kamba ilikuwa ya usumba, nene na yenye kukwaruza. Dume halitulii, huzunguka, huvuta, hujikuna. Baada ya miezi michache gome lilikuwa limelika upana wa kiganja, kuzunguka karibu nusu ya shina, na ndani paonekana pekundu. Mama yetu alipopaona alisema, "Wanangu, hamkumfunga ng'ombe, mmeufunga mti." Tulihamisha kamba, lakini tulikuwa tumechelewa. Masika yakaja. Mwaka uliofuata tawi kubwa la upande ule lilinyauka, majani yakakauka yakabaki yananing'inia bila kuanguka. Kisha tawi la pili, kisha la tatu. Tuliukata mti kuwa kuni, na dume tulikuwa tumekwisha kumwuza kwa bei isiyofika mavuno mawili ya mti ule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, waliochunguza magonjwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, walieleza ya kuwa kukauka kwa matawi namna hii hutokana na kuvu, jina lake Cryptosporella eugeniae, na ya kuwa kuvu hiyo huingia katika mti kwa njia ya jeraha. Tawi lililovunjwa na mchumaji ni jeraha, panga la mpaliliaji ni jeraha, na gome lililosuguliwa na kamba ni jeraha kama mengine. Tusichanganye hapa na kile kifo cha ghafula, ambacho huushika mti mzima wenye afya, ukageuka manjano ukafa wote; huo ni ugonjwa mwingine, wenye kuvu yake, na ng'ombe hana kesi nao. Lakini tawi moja moja likifa kuanzia mahali penye kovu, mwenye shamba atazame kwanza kamba yake ilikuwa wapi.

Basi sharti la kwanza la kufuga chini ya mikarafuu ni hili: kamba isiguse mkarafuu hata siku moja. Kigingi cha mti mgumu, kilichopigwa katikati ya nafasi, na kamba iwe fupi kiasi ng'ombe asifikie shina la upande wo wote. Penye nafasi ya futi 27, kigingi kikiwa katikati ya miti minne, kamba ya mita 4 yatosha na shina halifikiwi. Kamba za nailoni za siku hizi ni nyepesi na hazioozi, lakini hukata gome upesi kuliko usumba, na shingo ya ng'ombe pia. Wala asifungwe mahali pamoja chini ya mti kila siku kwa ajili ya kivuli, kwa sababu mizizi inayolisha mkarafuu haiko mbali na uso wa ardhi, na kwato hugandamiza udongo ukawa kama sakafu. Mvua hupita juu na mti hubaki na kiu. Kivuli cha mchana apewe chini ya mwembe au mfenesi.

Miche ni neno jingine. Ng'ombe huukanyaga mche kwa kutojua. Mbuzi huufuata kwa makusudi. Tumesikia watu wakisema mbuzi hali jani la mkarafuu kwa ukali wake. Anayesema hivyo na ajaribu, kisha aje atuambie. Mche mmoja wa mkarafuu hutaka kivuli, maji na kupaliliwa kwa miaka, na mbuzi mmoja hutaka dakika moja. Shamba lenye miche mipya lisifungwe mbuzi kabisa, hata kama ana kamba, kwa kuwa kamba ya mbuzi hukatika siku ile ile usipokuwapo. Na msimu wa kuanika, mbuzi juu ya jamvi la karafuu ni hasara mbili: zile alizozimwaga na zile alizozichafua.

Kwa ajili hii twafikiri kondoo anastahili kutazamwa zaidi kuliko afanyiwavyo. Visiwani kondoo ni wachache. Watu humwita mjinga, na nyama yake wengine huona ina harufu. Lakini yeye hula akiwa ameinama. Hutafuta majani mafupi ya chini, hasimami kwa miguu miwili kuvuta tawi. Ana adui wawili, nao ni minyoo na unyevu wa kwato, kwa hiyo hafai bondeni penye matope, wala hafai kwa mtu asiyempa banda lenye sakafu kavu. Mwenye shamba la juu, penye mchanga na ukoka mfupi, aweza kumjaribu.

Na ana faida moja katika soko. Wanachama wengi hufuga mnyama kwa kuitazama Idi ya kuchinja, wakati bei inapopanda. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ng'ombe wa kuchinja hutakiwa awe ametimiza miaka miwili, na mbuzi vivyo hivyo miaka miwili. Kondoo humtosha mwaka mmoja. Ng'ombe mmoja huwatosha watu saba walioshirikiana. Asiwe kilema, wala chongo, wala aliyekonda mno. Kwa hiyo kamba iliyomchuma mguu mnyama huweza kumtoa sokoni siku ile ile uliyomngojea miaka miwili. Tukumbuke pia ya kuwa Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2019 iliangukia mwezi wa Agosti, watu wakiwa juu ya ngazi; mwaka 2025 iliangukia mwanzo wa Juni, kabla ya fedha za msimu. Mwenye kufuga kwa Idi ahesabu kwa mwezi mwandamo tangu siku ndama anapozaliwa, asije akajikuta na dume wa miezi 20.

Juu ya maziwa hatuna mengi. Jike wa kienyeji aliye juu ya majani matupu hutoa lita moja au mbili baada ya kumwachia ndama haki yake, na hiyo ni chai ya nyumba na bakuli la jirani. Atakaye lita kumi atafute chotara, lakini ajue amenunua pia banda, pumba, majani ya kukatwa kila siku, na hofu. Hatusemi chotara ni mbaya. Twasema hafungwi kamba akasahauliwa.

Hofu hiyo jina lake ni ndigana kali. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio. Mnyama hupata homa, mitoki ya chini ya sikio na ya bega huvimba, hupumua kwa shida, na mara nyingi hufa. Ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe na akapona utotoni huwa na kinga. Ndama wao hufa, na chotara hufa wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo masikio yatazamwe kila mnyama anapohamishwa, nayo dawa ya kuogesha ifuatwe kwa kipimo, isiongezwe maji ili itoshe ng'ombe wengi. Iko pia chanjo. Mnyama hupewa vijidudu hai vya ndigana, na wakati huo huo hudungwa dawa ya kuvizuia visimwue, akapata kinga ya muda mrefu. Aliyechanjwa bado atolewe kupe, kwa maana chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala ule ugonjwa wa mkojo mwekundu.

Tunajua baadhi ya wanachama huwa wazito neno la chanjo likitajwa, na uzito huo una historia. Mwaka 1951 serikali ya wakati ule iliwalazimisha wafugaji wa Kiembe Samaki, Unguja, kuchanja ng'ombe wao dhidi ya kimeta. Wakakataa, watu wakakamatwa, umati ukakusanyika kuwatetea, na polisi wakapiga risasi, wakafa watu. Mambo hayo ndiyo yaitwayo Vita vya Ng'ombe. Kwa maoni yetu, bwana mifugo anayekuja leo na sindano anadaiwa maelezo kabla ya kushika pembe, na mwenye ng'ombe anayo haki ya kuuliza ni dawa gani, ya nini, na nini cha kutazamia siku zinazofuata. Akijibiwa vizuri, alete ndama.

Maana liko jambo jingine lililofanywa kwa kusikilizana likafaulu. Unguja ilikuwa na mbung'o, na ng'ombe waliokaa karibu na vichaka walikonda na kufa kwa nagana. Pemba haikuwa nao. Kuanzia mwaka 1994 ndege zilimwaga juu ya kisiwa mbung'o madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, ili majike wa porini wakipandwa nao wasizae. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na kazi ikafungwa mwishoni mwa 1997. Kijana wa Unguja afungaye ng'ombe wake leo karibu na Jozani hajui adui aliyekuwapo pale.

Samadi twaitaja mwisho, ingawa kwa mkarafuu ndiyo malipo yake. Ng'ombe wa kilo 200 hutoa kiasi cha kilo 10 za kinyesi kwa siku, na kikiachwa juani hukauka kikawa si kitu. Banda la usiku liwe na matandiko ya majani makavu. Kila wiki yakusanywe, yafunikwe kwa makuti kivulini miezi mitatu, yageuzwe. Kisha yatiwe mwanzo wa mvua kwenye duara chini ya ncha za matawi, juu juu, bila kuchimba sana, wala yasilundikwe kwenye shina. Banda hili pia ndilo jawabu la wizi, nasi lau tungalilijenga mapema, mkarafuu wa uani ungalikuwapo.

Limebaki neno la msimu. Kila tulichosema huharibika mwezi ule karafuu zinapoanza kuwiva, kwa sababu mhamishaji wa kamba yuko juu ya mti, watoto wanachambua makonyo, na mama yuko jamvini akitazama mawingu. Ng'ombe hufungwa alfajiri na kukumbukwa magharibi. Ndiyo siku anapojinyonga, ndiyo siku anapokata kamba akala mihogo ya watu, ndiyo siku anapofungwa kwenye mkarafuu "kwa leo tu."

Nyumbani kwetu, baada ya mti ule kukatwa, mama aliweka sharti la msimu. Kabla mchumaji wa kwanza hajapanda, hutajwa mtu mmoja ambaye kazi yake ni ng'ombe, na ujira wake huhesabiwa pamoja na wachumaji, hata akiwa ni mtoto wa nyumba. Mwaka mmoja mavuno yalikuwa haba, na sisi tukasema, "Mama, mwaka huu hapana haja ya mtu wa ng'ombe, na yule mtamba tumwuze, tupate cha kulipia wapaliliaji." Mama alisema mtamba hauzwi na mtu wa ng'ombe atalipwa kwa makonyo. Wapaliliaji walingoja mpaka msimu mwingine, na magugu yalifika magotini. Mtamba yule alizaa mara tano. Banda lake liko pale uliposimama mkarafuu, na kigingi chake tumekipiga hatua tisa kutoka mti ulio karibu.